Ukungu Aliouona Sijaona

Sijaona ana miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akikata korosho za watu. Msimu ukifunguliwa, huketi kwenye kigoda mlangoni mwa ghala la chama cha msingi pale Chiwata. Mbele yake kuna meza yenye mkasi wa chuma, mashine ndogo ya kupimia unyevu, na ufagio wa chelewa wa kufagilia maganda. Kila mzigo unaoletwa huchota korosho za juu, za katikati na za chini, akazipasua moja moja na kuzitazama. Iliyo nyeupe na kujaa ganda ni daraja la kwanza. Yenye madoa au iliyosinyaa inashuka. Yenye ukungu inarudi kwa mwenyewe, akaianike upya au akaitupe.

Watu wanamheshimu kwa kazi hiyo, na wengine wanamchukia kwayo. Mwaka mmoja mvua za Desemba ziliwahi, magunia sita ya shamba la kanisa yakalowa. Padri aliyaleta mwenyewe kwa pikapu. Sijaona akapasua, akanusa, akasema, "Baba, hizi haziingii."

Padri alicheka akidhani anataniwa, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Loveness, hizi ni za kanisa."

"Najua, Baba. Na ukungu wake ni wa kanisa pia."

Magunia yakarudi yalikotoka. Wakati huo Sijaona alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama wa kanisa hilo hilo, na Jumapili iliyofuata alikaa kiti chake cha mbele kama kawaida. Ndivyo alivyo. Korosho mbovu ataisema ni mbovu hata mwenye nayo awe nani. Jambo la mdogo wake Stefano ndilo pekee ambalo alilinyamazia, na ndilo linalomla hadi leo.

Stefano alimfuata Sijaona tumboni, wakapishana miaka saba. Ujanani alikwenda Tunduru kuchimba mawe ya vito. Alirudi bila jiwe lolote, akiwa na kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, akapona, ila daktari wa wakati ule alimwambia kwamba pafu lake la kulia limebaki na kovu lenye uwazi, alitunze. Akalima, akaoa, mke akamwacha, akalima tena. Kisha siku moja, akipunguza matawi ya mkorosho, tawi alilokanyaga likakatika. Alivunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo.

Sijaona alimjengea chumba na sebule nyuma ya nyumba yake, akawa anampikia. Maumivu yalikuwa hayamwachi. Vidonge vya zahanati vilimtuliza kwa muda, halafu vikaanza kumchoma tumbo hadi akawa anatapika. Ndipo aliporudia bangi, aliyoizoea kule machimboni. Alikuwa akivuta msokoto mmoja kila jioni, nyuma ya choo, kisha anaingia kulala. Kila mtu pale nyumbani alijua. Harufu haina mlango. Lakini hakuna aliyelitaja, na Sijaona naye alijifanya hajui, maana kulijua kungemlazimu kulifanyia kitu.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika, aliingia chumbani kwa Stefano kufagia. Aliinua godoro akitarajia vumbi, akakutana na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Akaufungua.

Pua ilijua kabla ya macho. Ilikuwa harufu ya gunia la chini kabisa, lile linalogusa ukuta panapovuja. Aliusogeza mfuko dirishani. Katikati ya majani kulikuwa na nyuzi nyeupe, laini, za kijivu kwenye ncha, na baadhi ya vikonyo vilikuwa vimegeuka vyeusi na kunata. Chini ya mfuko kulikuwa na unga wa manjano. Akausugua kwa vidole viwili. Salfa, ile ile wanayopulizia mikorosho kila mwaka isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Alihitaji muda mfupi tu kuelewa kwamba majani yale yaliota chini ya mikorosho, yakapuliziwa pamoja nayo, kisha yakafichwa mahali penye unyevu kabla hayajakauka.

Stefano akaingia akichechemea. Akauona mfuko mkononi mwa dada yake, akasimama.

"Hii nini, Stefano?"

"Dada, unajua ni nini."

"Ndani ya uzio wangu? Mimi ninayesimama mbele ya akina mama kanisani? Polisi wakija wakaikuta hapa, watamchukua nani?"

"Inanilaza, Dada. Nyonga ikianza, hakuna kingine kinachonilaza."

"Ni dhambi, na ni jela."

"Maumivu nayo ni nini?"

Sijaona alimsukumia mfuko kifuani. "Itoe. Sitaki kuiona tena hapa."

Stefano aliuchukua, akatoka nao. Hakuutupa. Aliupeleka kwenye banda la zamani la mbuzi, palipokuwa na unyevu kuliko chini ya godoro.

Neno ukungu halikutoka kinywani mwa Sijaona siku ile. Nilipomuuliza kwa nini, nikiandika habari hii, alichezea upindo wa kanga yake. Akasema, "Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nilifikiri, nikimwambia hii ni mbovu, nitakuwa nimekubali kwamba ipo nzuri. Nikaona afadhali niseme dhambi. Dhambi haina daraja."

Mwezi wa tano Stefano alianza kukohoa. Mwezi wa sita makohozi yakawa na michirizi ya damu, na suruali zikawa hazikai kiunoni. Sijaona akampeleka hospitali mjini Masasi. Walipokelewa na daktari kijana anayeitwa Cecil, mpole, mwenye desturi ya kuwaamkia wagonjwa wazee kabla ya kuwauliza lolote. Alipima makohozi, hayakuonyesha kifua kikuu. Akapima tena, hayakuonyesha. Picha ya kifua ilionyesha kivuli pale pale palipokuwa na kovu la zamani.

"Baba, unavuta?" aliuliza Daktari Cecil. "Sigara, au kitu kingine chochote? Sikuulizi kwa ubaya. Inanisaidia kujua nitafute nini."

Stefano alimtazama dada yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje alikuwa ameketi askari mwenye sare, akimlinda mahabusu mgonjwa aliyefungwa pingu. Askari yule hakuwa na habari nao kabisa. Alikuwa anakula karanga. Lakini Sijaona alimwona, akajibu kabla Stefano hajafungua mdomo.

"Havuti kitu, daktari. Sisi ni watu wa kanisa."

Daktari aliandika. Akaeleza kwamba kifua kikuu wakati mwingine hujificha vipimo visikione, na kwa mtu aliyewahi kuugua, salama ni kuanza dawa. Stefano akarudi Chiwata na vidonge vya kifua kikuu kwa mara ya pili maishani mwake. Alivimeza kwa uaminifu, kila asubuhi, mbele ya Sijaona aliyekuwa akihesabu kwa vidole asipitwe hata kimoja. Na kila jioni, nyonga ilipoanza, alikwenda kwenye banda la mbuzi.

Miezi miwili ikapita hivyo. Alizidi kukonda. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, Sijaona akiwa anachochea uji, alisikia sufuria limeanguka nyuma. Alimkuta Stefano amepiga magoti, beseni mbele yake, na damu ndani ya beseni ilikuwa nyingi kuliko ambavyo alidhani mtu aliyekonda vile anaweza kuwa nayo.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza Masasi. Stefano alipokwisha kutundikiwa dripu na damu kusimama, Sijaona alimfuata Daktari Cecil kwenye kibaraza.

"Daktari, nilikudanganya."

Akamwambia yote: nyonga, msokoto wa jioni, mfuko chini ya godoro, nyuzi nyeupe, salfa. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mama, ule ukungu uliuona kwa macho? Una hakika?"

"Mwanangu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimweleza kwamba upo ukungu ambao mtu mwenye mapafu mazima huuvuta na kuutoa bila kujua. Lakini ukikuta pafu lenye uwazi ulioachwa na kifua kikuu, unaweza kutua humo, ukakua, ukajiviringa kama donge, ukala mishipa ya damu. Kwenye picha hufanana sana na kifua kikuu chenyewe. Dawa zake ni nyingine kabisa. Na upasuaji upo, kwa anayewahi.

"Kwa hiyo ni ile bangi iliyomfanya hivi?"

"Siwezi kukuapia, mama. Ukungu huu uko hewani, uko kwenye nafaka, uko kwenye vumbi la maghala."

Sijaona akatazama mikono yake.

"Ila mtu mwenye pafu kama lake," daktari aliendelea, "kuvuta moshi wa majani yaliyoota ukungu kila siku, ni kama kuupanda. Kukauka vizuri kungepunguza hatari. Mwezi wa sita ningejua, ningempa rufaa wiki ile ile."

Hakumlaumu. Sijaona anasema angelaumiwa ingekuwa nafuu.

Rufaa iliandikwa, lakini Stefano hakuwa tena na nguvu za safari. Daktari alimwanzishia dawa za ukungu, akiomba apate nafuu ya kutosha kusafirishwa. Siku ya nne alipata ahueni kidogo, akaomba maji ya moto na kipande cha mhogo. Sijaona alikuwa akimmenyea alipouliza, "Dada, ulimwambia?"

"Nimemwambia."

"Na askari?"

"Hakuna askari aliyekuja. Daktari alisema siri ya mgonjwa ni yake."

Stefano alitabasamu, na tabasamu lile lilimchosha. "Kumbe tungesema tangu mwanzo. Nilikuwa nachoka kumeza vidonge vya ugonjwa wa mtu mwingine."

Alikufa siku tano baadaye, mchana, akiwa amelala ubavu, upande usiouma.

Siku ya tatu baada ya maziko, katika watu waliokuja kutoa pole alikuwapo Jafari, fundi wa kupulizia mikorosho. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mashine yake ya kupulizia, anayekodiwa kuanzia Nanganga mpaka Chidya. Alikaa mkekani na wanaume, hakugusa chakula. Sijaona, aliyeukumbuka ule unga wa salfa, alimwita nyuma ya jiko.

"Shikamoo, Mama Loveness."

"Marahaba. Ile bangi ilikuwa yako?"

Jafari alitazama chini. "Ilikuwa yangu, mama."

"Uliiona ina ukungu?"

"Niliona imefifia rangi. Sikujua kama inaua."

"Kwa nini hukuikausha? Mkulima gani huyo asiyejua kuanika?"

Hapo Jafari aliinua uso, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Korosho unaianika mbele ya nyumba, kwenye turubai, kila mpita njia anaiona na kukupongeza. Hii ningeianika wapi, mama? Mwezi wa kumi na mbili polisi walipita wakikagua mashamba. Nikaing'oa mbichi, nikaitia kwenye mfuko wa mbolea, nikaifukia shimoni. Nilipoifukua, ndivyo ilivyokuwa."

"Na salfa?"

"Niliipanda katikati ya mikorosho isionekane. Ninapopulizia mikorosho, nayo inapata. Ningefanyaje?" Alijifuta kwa kiganja. "Ningeleta korosho za namna ile, wewe ungenirudishia, nami ningezishughulikia. Kwa hii hakuna wa kunirudishia. Stefano alikuwa rafiki yangu. Mfuko ule nilimpa bure."

Sijaona hakumshitaki. Hakumsamehe pia, si siku ile. Alimwambia aende akale, watu wasianze kuuliza.

Mwezi wa kumi na moja, mikutano ya korosho ikiendelea, kijiji kilipata mgeni kutoka wilayani. Aliitwa Bwana Charles, afisa wa kutoa elimu ya dawa za kulevya. Wanakijiji walikusanyika kwenye uwanja wa ghala, kwa kuwa ndipo penye kivuli cha bati na viti. Bwana Charles alizungumza vizuri. Alieleza vijana wanavyochanganyikiwa akili, wanavyoacha shule, na kifungo kinachomngoja mwenye kulima. Akamaliza kwa kuuliza kama kuna swali.

Sijaona alisimama mezani pake, bado ameshika mkasi.

"Mwanangu, mimi sina swali, nina habari. Nimemzika mdogo wangu mwezi wa nane. Mnajua aliugua kifua. Hamjui kwamba alikuwa anavuta bangi kwa ajili ya nyonga, na bangi yenyewe ilikuwa na ukungu na salfa. Niliiona kwa macho yangu. Nikaficha. Daktari akaniuliza, nikaficha tena, kwa kuogopa jela na kuogopa ninyi."

Mwanamke mmoja wa Umoja wa Akina Mama alijifunika mdomo kwa kanga.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Charles. "Hiyo ndiyo sababu tunaipiga vita."

"Mmeipiga vita tangu nikiwa msichana, na aliyeitaka aliipata. Ila aliipata imeoza. Hapa nilipo, korosho haipiti bila kukatwa. Uraka wa mabibo tunaunywa mchana, na mama akiuza uraka mbovu, jioni kijiji kizima kinamjua, kesho hana mteja. Bangi peke yake ndiyo haina wa kuiangalia. Nasema sheria iiruhusu, ilimwe panapojulikana, ianikwe juani, ipimwe, na mgonjwa aipate kwa karatasi ya daktari."

Minong'ono ikapanda. Bwana Charles aliinua mkono, wala hakukasirika. "Mama, nimekusikia. Lakini nina vijana wanne wilayani kwangu waliopoteza akili, na mmoja wao alikuwa anavuta iliyokauka vizuri. Tukifungua mlango, tutawafungulia na watoto."

"Hao wapo, sibishi. Sisemi ni maziwa. Na mtoto asiuziwe, kama asivyotakiwa kuuziwa pombe. Nasema tu kitu kinachofichwa hakikaguliwi, na ninyi mkiwatisha watu, wanatudanganya sisi na wanawadanganya madaktari. Mimi nilidanganya. Mimi niliyerudisha magunia ya kanisa."

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Charles alishukuru, akasema maoni yake atayaandika, na labda aliyaandika kweli. Mkutano ukaenda kwenye ajenda ya visima.

Wiki ile padri alimfuata nyumbani. Alimwombea, kisha akamwomba apumzike uenyekiti kwa muda, mpaka maneno yapoe. Sijaona alikubali. Mwaka wa pili huu, hajaitwa arudi. Anakaa viti vya nyuma, karibu na mlango, na anasema hewa ya huko ni nzuri. Hakuna sheria iliyobadilika. Jafari anapulizia mikorosho tu sasa, au ndivyo anavyosema. Ukimtaja Stefano mbele yake, anasimama na kuondoka.

Kilichobadilika ni kidogo. Siku moja ya mwezi wa tatu mwaka huu, ghala likiwa limefungwa, alikuja mwanamke mmoja amevaa baibui iliyopauka, ana vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alijitambulisha kuwa ni Kibibi, mtu wa Newala. Alikuwa amesikia kwamba Chiwata yuko mama anayejua. Baada ya kusalimiana na kupewa maji, alifungua fundo la kanga yake, akatoa kifurushi cha gazeti.

"Binti yangu ana saratani, mama. Dawa anazochomwa zinamtapisha, chakula hakikai. Mtu akatuambia hii inasaidia. Nikaogopa kumpa kabla wewe hujaiona."

Sijaona hakutaka kukigusa. Aliutazama uzio wake, akaitazama njia, kisha akakifungua. Akanusa. Akakipeleka kwenye mwanga, akayatenganisha majani kwa kucha, taratibu.

"Ichome," alisema. "Na usisimame upande moshi unakokwenda."

Kibibi alifunga kinywa kwa mkono, akamtaja Mungu kwa Kimakonde. "Nnungu wangu. Nilikuwa nampa leo jioni."

"Daktari wake anajua mnataka kumpa?"

"Nitamwambiaje, mama? Watanifunga."

"Mwambie. Mwambie kama unavyoniambia mimi. Mwili wa mwanao kwa sasa hauwezi kupigana na ukungu hata kidogo. Kwanza zipo dawa za kuzuia kutapika, muulize hizo. Ila mwambie yote."

Kibibi aliitikia kwa kichwa, akakikunja kifurushi. Alipofika kwenye kizingiti aligeuka.

"Na kama hizo dawa hazikumsaidia? Iliyo nzima nitaipata wapi?"

Sijaona alikuwa amepima maelfu ya magunia, na kila mwenye gunia bovu alimwelekeza la kufanya. Kwa huyu alivaa kandambili zake, akamsindikiza hadi barabarani, wakasimama pamoja kungoja gari la Newala.